Salamu za Krismasi kwa kijana anayeshinda mtaani

Heri ya Krismasi, mdogo wetu. Wenzako wameshapanda matatu za ushago, nawe ungali pale pale base, kidato cha nne umemaliza na Januari huielewi. Mawaidha umeshapewa ya kutosha nyumbani. Sisi wa kuchangia damu tuna kazi, ila haina mshahara.

Kila Desemba damu hupungua hospitalini. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, na shule zimefungwa. Ajali nazo ndio msimu wake, na kina mama hawaahirishi kujifungua kwa ajili ya sikukuu. Kuweka akiba tangu Septemba hakusaidii: chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hadi 42, na zile za kugandisha damu, anazongojea mgonjwa wa saratani, siku 5 tu.

Ukiwa na miaka 16 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu, jaribu. Utajaza fomu, upimwe uzito na presha, kisha uchomwe kidole. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, isipungue gramu 12.5 kwa desilita. Maswali yajibu kwa ukweli, hata yale ya aibu. Damu yote hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, lakini maambukizi ya juzi juzi yanaweza kuponyoka kipimo. Mfuko wa mililita 450 hujaa kwa kama dakika 10.

Ukirudishwa kwa kukosa damu ya kutosha, usinune. Kula ndengu, maini ukiyapata, sukuma wiki yenye limau, na chai isubiri saa nzima baada ya chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Hata aliyerudishwa ana kazi, na kwetu hii ndiyo kubwa: kukaa na wageni wanaochangia mara ya kwanza. Nesi ana mikono miwili tu. Muulize mgeni kama amekula na amekunywa maji. Wengi wanaozirai walikuja na njaa, au waliinuka kwa pupa. Mpigishe gumzo huku ukimtazama usoni. Akianza kupiga miayo, midomo ikapauka, jasho baridi likamtoka, usingoje aanguke: mwite nesi, mlaze, inua miguu yake, fukuza watazamaji. Akimaliza, mshikilie hapo dakika 15 na soda yake. Wa mjengo asibebe mzigo siku hiyo, wa boda asikimbilie pikipiki. Watabisha, hasa wa boda.

Andika pia daftari la majina na tarehe. Mwanamume hurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4, na bila kukumbushwa hawarudi. Wa wiki hii wapigie Machi na Aprili, maana Aprili shule hufungwa tena.

Kituo cha damu kiko karibu na Hospitali ya Kenyatta. Sikukuu njema, na mwaka mpya wenye heri. Njoo umekula.