Barua ya wazi kwa binamu yangu anayekwenda Kidepo kumpiga picha karani tamba

Mpendwa binamu,

Nimefurahi kusikia kwamba umepata likizo na kwamba utakwenda hifadhi ya Kidepo, kule Karamoja, Uganda, kumpiga picha karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu auaye windo kwa mateke, akiwinda katika nyika ile kavu. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengi wanaofunga safari hiyo wakitamani picha moja tu, ile ya teke likimshukia nyoka, na mimi naona tamaa hiyo ndiyo huwanyima picha nzuri.

Hebu tupige hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa Uingereza kwa karani tamba aliyefunzwa, ulionyesha kwamba mguu wake hugusa windo kwa takriban milisekunde 15 tu (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), kwa nguvu inayofikia mara tano ya uzito wake. Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde huacha milisekunde 100 kati ya picha moja na inayofuata, kwa hiyo teke zima laweza kupita katikati, hata kidole chako kiwe chepesi namna gani.

Mfuate kwa kumtazama kichwa, si mguu. Atapita katika nyasi za bonde la Narus kwa hatua ndefu, kisha ataanza kukanyagakanyaga ili panzi na panya watoke mafichoni, maana hao ndio chakula chake cha kila siku kuliko hao nyoka wanaosifiwa. Akiona kitu husimama ghafla, manyoya meusi ya kisogoni yakasimama, mabawa yakafunguka kidogo, na jicho lenye kope ndefu, lililozungukwa na ngozi ya rangi ya chungwa, likakazwa chini. Hapo lenga jicho hilo, weka kasi ya shata ya kamera kuwa 1/2000 ya sekunde, na upige mfululizo kabla hajainua mguu.

Toka alfajiri, kwani kufikia saa nne hewa huanza kutetemeka juu ya ardhi na hata lenzi ya bei ghali hutoa picha zenye ukungu. Tafadhali usimshawishi dereva aiache njia ili mumsogelee: akisumbuliwa huacha kuwinda, na tangu mwaka 2020 ndege huyu amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani. Ukirudi, nionyeshe kwanza picha za panzi. Za nyoka zitasubiri.

Wako,
Binamu yako