Tawasifu zetu zinasomeka kama historia ya marehemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninalokutana nalo mara kwa mara kazini. Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, jirani na soko la Majengo, na kwa miaka kadhaa sasa, mbali na barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi, nimekuwa nikichapa miswada ya wastaafu wanaotaka kuacha kitabu cha maisha yao. Ni nia njema, na tangu Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotoa tawasifu yake kwa Kiswahili mwaka 2021 naona wanaokuja na madaftari wameongezeka.

Kinachonisumbua ni kwamba miswada hiyo, karibu yote, imeandikwa kwa kalamu ileile inayoandika historia ya marehemu. Nazo hizo nazichapa, mara nyingi usiku, ndugu wakiwa wamesimama mlangoni: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishwa, akaoa, akajaliwa watoto saba, akaanza kuugua. Msibani mtindo huo unafaa, maana jua ni kali na kaburi linasubiri. Kitabuni haufai, kwa sababu msomaji hana jeneza mbele yake la kumlazimisha asikilize mpaka mwisho.

Miezi michache iliyopita mzee mmoja aliniletea kaunta buku iliyojaa vituo vya kazi, vyeo na barua za pongezi. Kuhusu utoto wake kulikuwa na sentensi moja: "Mwaka 1971 tulihamia kijiji cha ujamaa." Umeme ulikatika printa ikiwa katikati ya kazi, na katika kusubiri akaanza kunisimulia jinsi Operesheni Dodoma, ile kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini, ilivyowafikia, nyumba yao ya tembe ikaachwa, na mama yake akakataa kuondoka bila jiwe lake la kusagia. Lile kubwa la chini halikubebeka. Akachukua lile dogo la juu, akalifunga mgongoni kwa kaniki kama anavyobebwa mtoto, akaenda nalo kijijini. Huko alitafuta jiwe jingine la chini, lakini mawe hayo mawili hayakupatana, na kwa msimu mzima ugali wa uwele ukawa unakwaruza meno. Nilipomwuliza mbona hilo halimo kwenye daftari, alinishangaa. "Hayo ni mambo ya jikoni, mwanangu. Nani atayasoma?"

Simlaumu. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya thelathini akijaza fomu za utumishi atayaonaje maisha yake ila kwa macho ya fomu hizo? Ninaowalaumu ni wachapishaji wanaopokea fedha za mstaafu, wakapanga kurasa, wakamkabidhi maboksi ya vitabu, bila hata mtu mmoja kumwuliza mama yake alikuwa nani. (Nami nimo katika lawama hiyo, nalipwa kwa ukurasa.)

Wala si kwamba hatuna wa kuwaiga. Mshairi Mathias Mnyampala alizaliwa huku huku Ugogo mwaka 1917, njaa ya Mtunya ilipokuwa ikianza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yakiwa yamenyakua ng'ombe, nafaka na wapagazi kabla mvua nayo haijagoma. Tunamkumbuka kwa ngonjera, na wachache kwa historia ya Wagogo aliyoitoa mwaka 1954, lakini aliandika pia maisha yake mwenyewe, na mswada huo ukasubiri miongo kadhaa baada ya kifo chake mwaka 1969 ndipo ukachapishwa. Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa kuhamishwa. Kwa muda alifanya kazi katika idara ya mifugo Mpwapwa, safari isiyo ndefu kutoka hapa nilipo. Angeweza kutuachia orodha ya vituo. Badala yake, katika kusimulia maisha yake, alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo mpaka leo wapo wanaolijua kwa moyo, ilhali cheo alichokuwa nacho siku hiyo hatukikumbuki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tenga nusu ukurasa wa toleo la Jumapili kwa wasomaji wasimulie tukio moja tu la maisha yao, si maisha mazima, na uweke sharti kwamba anayeandika asitaje cheo chake wala shule alizosoma. Wengi watakasirika mwanzoni. Wakishakasirika watalazimika kutafuta kingine cha kusema, na wanacho. Mimi nakisikia kila umeme unapokatika.

Yule mzee alichukua daftari lake akaondoka. Juzi alipita dukani akauliza kama habari za lile jiwe zinatosha sura nzima au ni aya tu. Nilimwambia aandike kwanza, kurasa tutazihesabu baadaye.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchapaji,
Majengo, Dodoma