Baba, namba za bahari hazikufutwa

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake pia. Mimi huku ni mzima, kazi zinaendelea na baridi nimeshaizoea. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Swali lako halikuwa la kujibiwa kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimetafuta jioni tulivu nikakaa na karatasi.

Uliniuliza: kama joto la uso wa bahari lilipimwa na kuandikwa, mbona nyinyi watafiti mnalirekebisha? Najua linatoka wapi. Umetunza vitabu vya hesabu maisha yako yote, na nimekua nikikuona ukimkataza mtu kugusa leja kwa kifutio. Namba ikikosewa, ulipiga mstari mmoja juu yake ili bado isomeke, ukaandika iliyo sahihi pembeni, ukatia saini na tarehe. Sasa naomba nikufungulie leja yetu, uikague mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni kusoma madaftari ya meli za zamani. Mwaka 1853 mataifa kadhaa ya baharini yalikutana Brussels, kwa msukumo wa afisa wa jeshi la majini la Marekani aitwaye Matthew Fontaine Maury, yakakubaliana namna moja ya kuandika hali ya hewa na bahari wakiwa safarini. Baharia alishusha ndoo kwa kamba, akapandisha maji, akatumbukiza kipimajoto, akasoma, akaandika. Wengine wana mwandiko wa kupendeza hasa. Juzi nilikuwa na ukurasa wenye doa la maji katikati ya safu ya joto, wino umesambaa, tarakimu moja yaweza kuwa 3 au 8. Nilikaa nayo karibu saa nzima, nikilinganisha na mkono wa mtu yuleyule kurasa za nyuma. Ilikuwa 8.

Tatizo kubwa lakini si wino, Baba. Ni ndoo. Za mwanzo nyingi zilikuwa za mbao, baadaye zikaja za turubai. Nilipopata nafasi ya kwenda na meli kwa siku chache, nilijaribu mwenyewe. Nilipandisha maji kwa ndoo ya turubai, nikaiweka penye upepo, nikasimama na saa mkononi. Turubai linavuja jasho kama mtungi wa udongo. Maji yanayotoka nje yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Kipimajoto kilikuwa kinashuka mbele ya macho yangu, polepole, bila kusimama. Baharia aliyechelewa dakika chache kusoma aliandika bahari baridi kuliko ilivyokuwa. Hakusema uongo. Aliandika kile alichokiona.

Kisha meli za injini zikaongezeka, na wengi wakaanza kupima maji yanayovutwa kupoza mitambo. Hapo kosa likageuka upande wa pili, kwa kuwa chumba cha injini ni cha moto na maji yanapashwa kidogo kabla ya kukifikia kipimajoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya vipimo ilitoka kwa meli za Marekani zilizopima hivyo. Tena usiku wa vita nani angetoka nje na taa kuvuta ndoo, adui amuone? Vita vilipokwisha mwaka 1945, meli za Uingereza zikarudi na ndoo zao, na kwenye vitabu bahari ya dunia nzima ikaonekana imepoa kwa takribani nyuzi 0.3 ndani ya miezi michache. Watu waliitazama ile namba kwa miaka mingi bila kuielewa. Ni mwaka 2008 ndipo watafiti walipoonesha kwamba kilichobadilika ni meli zilizokuwa zikipima.

Wewe ungefanyaje, Baba? Ukijua mizani moja inapunguza na nyingine inazidisha, ungejumlisha tu?

Sisi tunakadiria kila chombo kimepotoka kiasi gani, tunaandika marekebisho katika safu ya peke yake, na namba ya baharia inabaki ilivyo. Haifutwi. Anayetaka kuiona anaiona. Na kuna jambo ambalo wanaotutuhumu kwamba tunalitia chumvi joto hawalitaji: ukichukua namba ghafi za dunia nzima tangu mwishoni mwa karne ya 19 na usiziguse, kupanda kwa joto kunaonekana kukubwa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ndoo ziliiandika bahari ya zamani kuwa baridi mno. Marekebisho yanainua miaka ya mwanzo, na mwendo wote unakuwa mdogo kidogo kuliko ungekuwa. Kama tungetaka kutia chumvi, tungeacha namba kama zilivyo.

Siku hizi kazi kubwa inafanywa na maboya yanayoelea, yakituma vipimo kwa setilaiti. Boya linagusa maji yenyewe, halina injini, hivyo kwa wastani linasoma chini ya meli kwa takribani nyuzi 0.12. Ni kidogo, lakini maboya yaliyokuwa machache miaka ya 1980 leo ndiyo yanayotoa vipimo vingi. Ukiyachanganya na meli bila kusawazisha, ongezeko la joto linajificha nyuma ya mabadiliko ya vifaa.

Kisa kimoja najua kitakuuma kama kilivyoniuma mimi. Vipimo vingi vya meli za Kijapani vya miaka ya 1930, vilipokuwa vikiingizwa kwenye kumbukumbu za kompyuta, vilikatwa desimali. Hazikukadiriwa kwenda juu wala chini, zilikatwa tu: 18.7 ikawa 18. Piga hesabu mwenyewe, kwa wastani inapotea kama nyuzi 0.45. Kwa miongo mingi Pasifiki ya Kaskazini ilionekana kupata joto kwa namna isiyolingana na Atlantiki, na watu wakatafuta sababu ndani ya bahari. Utafiti wa mwaka 2019 ukaonesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilizaliwa mezani, kwa mtu aliyeacha tarakimu moja.

Na kuna kosa la kinyume, la kukataa namba iliyo sahihi. Mwaka 1982 volkano ya El Chichón ya Mexico ilirusha chembe nyingi juu angani, setilaiti zikadanganyika zikasoma bahari baridi kuliko ilivyokuwa. Wakati huohuo meli za Pasifiki zilikuwa zikileta namba za juu sana, na kompyuta, zilizopangwa kutupa chochote kilicho mbali na kawaida, zikazitupa. Moja ya El Niño kubwa zilizowahi kurekodiwa, yaani vipindi ambapo maji ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto kuliko kawaida, ikakua bila kutambuliwa mapema. Mimi huikumbuka hiyo kila ninapotaka kuweka alama ya "si sahihi" kwenye namba inayonishangaza.

Mdogo wangu ananiambia ameona michoro miwili ya mwezi mmoja, mmoja unasema bahari imezidi wastani sana, mwingine kidogo, basi mmoja ni wa uongo. Mwambie asome maandishi madogo ya chini. Mmoja unalinganisha na wastani wa 1961 hadi 1990, mwingine na wa 1991 hadi 2020, na kipindi hiki cha pili tayari kilikuwa na joto zaidi. Bahari ni ileile, kilichohama ni alama ya kuanzia kupimia. Na asiushike mwaka mmoja. Kuanzia Machi 2023 wastani wa bahari kati ya latitudo 60 kusini na 60 kaskazini ulivunja rekodi siku baada ya siku kwa zaidi ya mwaka, lakini humo mlikuwa na El Niño iliyopanda juu ya ongezeko la miaka mingi. El Niño huja na kuondoka. Ongezeko la chini yake ndilo linaloninyima usingizi.

Nimeambatanisha nakala ya ule ukurasa wenye doa, na wa nyuma yake. Nilipoandika 8 nimeweka alama pembeni, saini yangu na tarehe. Naomba uukague kwa miwani yako ya kazini, na ukiona ni 3 uniandikie.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mwanao.