LUKU: hela imekatwa, tokeni haijaja

Mhariri,

Mtu akinunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kwa simu, hela ikakatwa na tokeni (namba ya kuingiza kwenye mita) isije, wengi hukimbilia kulipa tena. Tafadhali, wasubiri kwanza. Malipo hayo hupita mfumo wa kampuni ya simu na mfumo wa malipo ya Serikali hadi kufika shirika la umeme, TANESCO, ambako tokeni ya tarakimu 20 hutengenezwa na kurudishwa. Mawasiliano yakikatika katikati, hela hukwama njiani, haijapotea.

Usifute ujumbe wa muamala. Pigia kampuni ya simu, taja namba ya muamala, uliza kama malipo yamefika. Yakiwa hayajafika, omba yarudishwe. Yakiwa yamefika, wapigie TANESCO, wape namba ya mita, wakutumie tokeni ileile.

Kagua pia namba ya mita uliyoandika. Ikikosewa, tokeni inaweza kutoka kwa mita ya mtu mwingine, na yako itaikataa hata uingize mara kumi.

Kampuni nazo zituambie muamala umekwama wapi. “Ombi lako linashughulikiwa” halimsaidii mtu aliye gizani.

Msomaji,
Morogoro