Kaka, mbachao umefumwa upya

Shikamoo kaka,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikiitaja gemu hii unanikatiza na methali yako ileile, usiache mbachao kwa msala upitao, kisha unaanza kuuliza habari za watoto. Haya, hapa huwezi kunikatiza. Soma mpaka mwisho, halafu unitukane.

Nimemaliza Metroid: Samus Returns. Ndiyo, ileile uliyoapa hutaigusa. Ilitoka Septemba 2017 kwa ajili ya Nintendo 3DS, ile mashine ya mkononi yenye skrini mbili, wakaitengeneza MercurySteam wa Hispania kwa kushirikiana na Nintendo wenyewe, na ni Metroid II yako ya Game Boy, ya mwaka 1991, iliyojengwa upya tangu msingi. Sayari ni ileile SR388. Kazi ni ileile: Samus, yule mwindaji wa kike ndani ya vazi la chuma, anateremka mapangoni kuwamaliza Metroid, viumbe wanaonyonya uhai, mmoja baada ya mwingine mpaka kizazi kiishe. Huo si msala upitao, kaka. Ni mbachao wako mwenyewe, umefumwa upya kwa nyuzi nyingine.

Unakumbuka tulivyokuwa tukicheza? Nasema tulivyokuwa, ingawa vitufe vilikuwa vyako peke yako. Game Boy haikuwa na mwanga wake, kwa hiyo uliinama chini ya taa, nami nimejibana begani kwako nikichungulia zile rangi nne za kijanikijani. Ukihema tu, unanizibia skrini. Kazi yangu ilikuwa daftari. Gemu haikuwa na ramani, mapango yote yanafanana, na Samus alichorwa mkubwa mpaka akakijaza kile kiskrini kidogo, huoni kilichopo mbele wala kilichopo juu. Basi wewe unacheza, mimi nachora. "Kulia. Chini. Chini tena. Hapa pana asidi, weka msalaba." Nikichelewa kidogo unaninyang'anya penseli.

Sasa sikia. Dakika ya kwanza tu ya hii mpya, nikaona ramani inajichora yenyewe kwenye skrini ya chini. Kila chumba ninachopita kinajaza kisanduku chake, na nikitaka naweka vialama vya rangi kwa kugusa. Niliona wivu, kaka. Wivu wa mtu aliyeachishwa kazi na mashine.

Na si ramani tu. Kuna uwezo mpya: unabonyeza kitufe, wimbi linasambaa, linakufunulia vyumba vya jirani na kukuonyesha matofali yanayovunjika. Yale matofali tuliyoyatafuta kwa kulipua bomu kila hatua mbili! Unalipia kwa nguvu fulani inayopungua, lakini inajaa tena upesi, kwa hiyo baada ya saa moja nilijikuta nabonyeza kabla hata sijaangalia ukuta. Hapo ndipo nilipokuelewa kidogo. Mtu anayeonyeshwa kila kitu haangalii. Siku ya tatu nikaamua kuuacha huo uwezo mpaka nikwame kweli, na gemu ikabadilika mkononi. Nikaanza kuona kwamba pango moja lina mizizi, jingine lina mabaki ya mashine, na nyuma kabisa kuna viumbe vinavyopita bila kunijali. Ukisogeza kile kitelezi cha 3D, kina cha yale mapango kinakufanya urudishe kichwa nyuma.

Mapigano utayapenda, hata ukikataa kukiri. Zamani Samus alilenga kulia, kushoto na juu, na chini akiwa amesharuka. Sasa anasimama na kuzungusha mkono wake kila upande, unalenga kama unanyoosha kidole. Halafu kuna pigo la kurudisha: adui anawaka mwanga mara moja, anakurukia, na ukibonyeza kwa wakati Samus anampiga kwa bunduki usoni, kisha risasi moja inatosha. Mwanzo ni raha tupu. Baadaye linachosha kidogo, maana hata vidudu vya kawaida vimefundishwa kukurukia ili tu wewe upate kuvipiga. Zamani vilikuwa na shughuli zao, sisi ndio tuliokuwa wageni mle ndani. Ila kwa mabosi ni jambo jingine kabisa. Kuna roboti kubwa la kuchimbia miamba, Diggernaut, kwanza linakufukuza, baadaye mnakutana uso kwa uso, na limeniua mara ambazo sitazitaja hadharani. Dawa yake ni kuliwekea mabomu linapovuta hewa, liyameze lenyewe. Bure hiyo, nimekupa.

Spider Ball ipo, usiwe na wasiwasi. Samus bado anajikunja kuwa mpira na kunata ukutani mpaka darini. Na mabega yake makubwa yapo. Nilikuwa sijui kwamba yale mabega yalianzia kwenye kaseti yako: kwa kuwa Game Boy haikuweza kuonyesha rangi, walihitaji namna ya kutofautisha vazi la Varia, lile lenye kinga zaidi, na lile la kawaida, wakavimbisha mabega. Vazi limebaki hivyo mpaka leo, kwenye skrini zenye mamilioni ya rangi. Umaskini wa kile kiskrini ndio uliomvika Samus.

Kuna kijana wa Argentina, Milton Guasti, aliyewahi kuifanya kazi hiihii kwa mapenzi tu. Alitoa toleo lake la kompyuta, AM2R, Agosti 2016, Nintendo wakaliondoa kwenye mzunguko baada ya siku chache, na mwaka uliofuata likaja la kwao. Najua ungelipenda zaidi la kijana, wewe daima upo upande huo. Leo sibishani.

Ninachotaka kukueleza ni mwisho. Kama hutaki kujua, ruka aya tatu, ingawa mwisho wenyewe ni wewe uliyenionyesha.

Kile kihesabio cha Metroid waliobaki kilianza na 39, nami nilikuwa nakiandika pembeni mwa daftari na kukata. Kila tulipomaliza kundi, ardhi ilitetemeka na asidi ikashuka, tukateremka zaidi. Siku kilipofika 1 ulishusha pumzi. Tukaingia kule chini, muziki umekwisha, na ghafla kikaruka kuwa 9. Nilipiga kelele. Nadhani nawe ulipiga, ila hujakubali mpaka leo. Ukawaua, ukamuua malkia, kisha lile yai likapasuka mbele yetu na Metroid mchanga akamfuata Samus kana kwamba ni mama yake. Samus hakumpiga risasi.

Na hapo ukafanya jambo ambalo huenda umelisahau. Ulinyoosha mkono ukanipa Game Boy. Ukasema, "Huku hakuna wa kukuua. Shika." Ni kweli, hapakuwa na adui hata mmoja. Njia yote ya kurudi juu ilikuwa kimya, muziki mpole, yule mtoto anakula vizuizi vinavyotuzibia, anazunguka kichwani kwa Samus. Nilianguka mara nyingi kwenye ile miruko na hukunifokea. Nikamfikisha kwenye chombo mimi. Hiyo ndiyo gemu ya kwanza niliyomaliza maishani.

Katika hii mpya mtoto yupo, na amechorwa vizuri mpaka unataka kumshika. Lakini njia ya kurudi ina maadui. Na ukifika juu, unakiona chombo kile pale, anashuka Ridley. Ridley, kaka, lile joka lenye mabawa, adui wa Samus tangu gemu ya kwanza, ambaye katika kaseti yako hakuwamo kabisa! Pambano lenyewe ni kali na zuri, mtoto anakusaidia, na mkono wangu ulitoka jasho. Nilishinda. Kisha nikakaa na mashine mapajani bila furaha yoyote, nikiwaza kwamba hakuna mahali hapa ambapo mtu angeweza kumpa mdogo wake ashike. Waliotengeneza waliona kimya kile kama pengo, wakalijaza. Mengine yote nimewasamehe, hata ramani. Hilo bado.

Hata hivyo nataka uicheze. Nitakuletea mashine mwenyewe. Nafasi moja ya kuhifadhi ni yangu, usiiguse, nyingine ni tupu. Skrini ya chini nimeikatia karatasi inayoifunika sawasawa, nimeshaijaribu, inakaa. Daftari ninalo jipya, na penseli mbili, moja yako ya kuninyang'anya. Utacheza, nitachora. Ila ukifika kwa Ridley unipe mimi nishike. Nimeshampiga mara moja, najua anapoinama.

Mdogo wako.