Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapenzi wa Gitaa la Mawimbi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Vikao vya kusikiliza muziki vilifanyika kila mwezi isipokuwa mwezi wa Ramadhani, kamati ilikutana kila robo mwaka, santuri zote zimeorodheshwa upya, na spika iliyokuwa ikikwaruza imetengenezwa. Hayo mnayafahamu, kwa hiyo sitayarefusha.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati, ambao pendekezo lake lilikuwa langu, wa kutopiga santuri yoyote ya Dick Dale, mpiga gitaa wa Marekani anayehesabiwa kuwa mwasisi wa gitaa la mawimbi (kwa Kiingereza surf, muziki wa gitaa wa vijana wa pwani ya California), katika vikao vya mwaka mzima. Wapo waliosema tumemvunjia heshima mwasisi, na wapo waliodai kwamba mwenyekiti anajifanya mjuzi kuliko wenzake. Napenda ieleweke kwamba hakuna katika kamati anayempinga Dick Dale. Tangu alipoujaza ukumbi wa Rendezvous kule Balboa, California, mwaka 1961, sifa yake ni haki yake. Na sisi watu wa pwani, tuliolelewa na taarab, tuna sababu ya ziada ya kumpenda, kwa kuwa baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni na upigaji wake umebeba mwendo wa udi na ngoma za huko. Lakini kibao chake cha Misirlou cha mwaka 1962 kilirudi masikioni mwa dunia kupitia filamu mwaka 1994, na leo hata asiyejali gitaa hukitambua. Chama cha watu 58 hakikuundwa ili kurudia kinachosikika kila mahali.

Badala yake tuliwasikiliza waliosahauliwa. Tulianza na The Bel-Airs, vijana wa kusini mwa Los Angeles waliorekodi Mr. Moto mwaka 1961, wakati muziki huu haujapata hata mwaka wa kuitwa jina. Humo Paul Johnson na Eddie Bertrand wanapiga magitaa mawili yanayojibizana bila ule mwangwi mzito ambao wengi wetu tunadhani ndio uhai wa mtindo wenyewe. Mwangwi huo ndio uliowagawa: Bertrand aliutaka, Johnson hakuutaka, na kufikia mwaka 1963 kundi lilikuwa limevunjika, Bertrand akaunda Eddie & the Showmen. Mwanachama anayedai kwamba kikao hicho kilikuwa baridi namwomba arudi kuusikiliza wimbo huo kwa makini.

Tukawafuata The Astronauts wa Boulder, Colorado, mji wa milimani usio na bahari, waliopata mashabiki wengi zaidi Japani kuliko kwao. The Atlantics wa Sydney, Australia, na Bombora yao ya mwaka 1963. Na The Pyramids wa Long Beach, ambao Penetration yao ilifika nafasi ya 18 katika chati ya Marekani mwaka 1964, mwaka uleule ambao Beatles walipotua Marekani, redio zikaugeukia muziki wao na gitaa la mawimbi likaanza kukosa nafasi. Kikao ninachokithamini kuliko vyote nilikiandaa mimi mwenyewe, nacho kilimhusu Kathy Marshall, binti aliyepanda majukwaani Orange County akiwa bado mwanafunzi, akacheza pamoja na makundi makubwa ya eneo hilo na kuitwa malkia wa gitaa la mawimbi, lakini enzi hizo hakutoa hata santuri moja. Kwa kuwa hapakuwa na cha kupiga, nilisoma maelezo niliyoyakusanya kwa muda mrefu, tukatazama picha. Kama chama hiki hakitamtaja mtu wa namna hiyo, sijui nani atamtaja.

Nasikitika kusema kwamba waliohudhuria kikao hicho walikuwa 6. Wanaolalamika kwamba uamuzi wa kamati umefukuza watu hawana budi kukumbuka kwamba mahudhurio yalianza kushuka mwaka uliotangulia, wakati Dick Dale alikuwa akipigwa kila mwezi.

Kuhusu fedha, ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Kati ya wanachama 58 wamelipa 21, yaani shilingi 630,000 badala ya 1,740,000. Pamoja na salio la mwaka jana la shilingi 412,000 tulikuwa na 1,042,000, ambazo kati yake kodi ya ukumbi imechukua 600,000, matengenezo ya vyombo 240,000, chai na vitafunwa 120,000, na zimebaki 82,000. Kiasi hicho hakitoshi hata kodi ya miezi miwili. Baadhi ya wasiolipa ndio wanaozungumza zaidi kuhusu matumizi, jambo ambalo binafsi linanihuzunisha, kwa kuwa gharama za kuagiza santuri kutoka nje nimezibeba mwenyewe bila kudai marejesho.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kumrudisha Dick Dale katika kikao kimoja au viwili, kuwaalika wapiga gitaa vijana wajaribu vibao hivi kwa mikono yao, na kutafuta ukumbi wa bei nafuu. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya mkutano mkuu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti