Nataka kuwa fundi mitambo, nichague njia ipi?

Anti, shikamoo.

Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi na wazazi Chang'ombe hapa Dodoma. Nakuandikia kabla dirisha la kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano, halijafungwa, maana nyumbani tumevutana mpaka chai inapoa mezani.

Nataka kazi ya redio au televisheni. Nikisema hivyo tu, watu wanadakia, "Hebu tangaza kidogo tusikie!" Anti, mimi sitaki kutangaza. Sauti yangu nikiisikia kwenye simu naona haya. Nataka kukaa upande wa pili wa kioo, pale kwa yule ambaye mtangazaji anamtaja mara moja kipindi kikianza, "niko na fundi mitambo wangu," halafu basi.

Yalianzia kanisani. Kwaya yetu ina mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli 12, na tangu kidato cha pili mimi ndiye ninayekaa nayo. Jumapili moja spika zikavuma mmmm ibada nzima, mzee wa kanisa akawa anageuka kunitazama. Nikabadilisha maiki, nikashusha sauti, wapi. Watu walipotoka ndipo nikaona waya wa maiki umelala sambamba na waya wa umeme wa kinanda, mtu kaufunga pamoja nao kwa mpira ili sakafu ionekane nadhifu. Nikaufungua, nikaupitisha upande wa pili wa ukuta, na pale ulipolazimika kukutana na ule wa umeme nikaukatiza kama msalaba. Kimya. Sumaku-umeme tulikuwa tumefundishwa wiki chache kabla, nami nilikuwa nimeikariri ya mtihani tu.

Sasa matokeo: Kiswahili A, Biolojia B, Jiografia B, Fizikia C, Kemia C, Historia C, Kiingereza C. Hisabati D. Hiyo D ndiyo iliyonifikisha kwako, kwa sababu PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) zimeshanikwepa.

Baba anataka HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) niwe mwanasheria. Anasema Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, mwanasheria hatalala njaa Dodoma. Nikamjibu kwamba Bunge hilohilo lina watu wanaotandaza kebo na kujaribu maiki kabla Spika hajaingia. (Spika wa Bunge, si hizi zangu.) Akacheka, lakini hakubadili neno. Mwalimu wangu anasema nisiiache Fizikia, nichukue PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Shida ni kwamba baba akisikia PCB anaona koti jeupe la daktari, na mimi sitaki kumdanganya miaka miwili.

Jirani yetu ni fundi mitambo wa redio moja hapa mjini. Yeye alisomea umeme VETA, chuo cha ufundi, kazi ya studio akaijulia ndani. Neno lake ni moja: "Studio ni umeme kwanza." Ananishauri niachane na kidato cha tano, niende stashahada moja kwa moja. Nimeona DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, wana ya multimedia na filamu, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa. Mwenye D nne anaweza kuanzia ngazi ya cheti, na mimi ninazo na za ziada. Lakini zote ziko mbali, na ada yangu inatoka kwenye zabibu za Makutupora, ambazo haziivi kwa kufuata ratiba ya chuo. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar, kodi ya chumba iko palepale.

Halafu kuna UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ambayo naiona kwa macho kila siku. Wana shahada ya uhandisi wa maudhui ya kidijitali na utangazaji. Nikisoma jina lake moyo unadunda, nikifika kwenye neno "uhandisi" naikumbuka ile D. Nikienda PCB nitasoma Hisabati ile ndogo ya BAM tu. Je, nitafika mlango wa UDOM nikaambiwa haitoshi?

Nimefikiria pia kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku nikisoma umeme VETA hapahapa na kula kwa mama. Mama ameipenda hiyo. Baba anaona ni kurudi nyuma, kwamba mtoto aliyepata nafasi ya kidato cha tano hashiki bisibisi.

Nifuate PCB kwa ajili ya Fizikia, niende stashahada, au nishike hiyo bisibisi na kurudia Hisabati? Na kama kuna msomaji anayefanya kazi nyuma ya kioo, naomba aniambie yeye alipitia wapi. Baba anakwenda shambani Jumamosi na amesema anataka jibu kabla hajapanda gari.

Ni mimi,
Msichana wa mikisa, Chang'ombe, Dodoma